Makinda Waliofukizwa Udi

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri, na anayekula asinichafulie karatasi. Mlinitaka niandike khabari za zamani, za Unguja na jinsi tulivyokuja Maskati, mpate kuzililia. Sitaki. Wenye kuzieleza hizo wapo wengi, na nusu yao walikuwa wachanga wa kubebwa, hawakuona kitu. Mie nitawaandikia khabari za ndege wa buluu wa nyumbani kwetu Hail, hapa hapa Maskati, kwa sababu hizo nilizifanya kwa mikono yangu na nikazikosea kwa akili yangu mwenyewe. Nilisoma Kurani chuoni, na skuli niliishia darasa la nne. Basi mkikuta kosa la kuandika lipiteni kimya, kama mnavyonipita mkiniona nafagia.

Ndege huyu mnamwona kila siku kakaa kwenye waya wa umeme, ila hamjapata kumtizama. Akikaa hana maana. Kifua rangi ya chai ya maziwa, kichwa kikubwa, shingo hana, kajikunyata kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Lakini akiruka, subhanallah. Anafungua mbawa, ndani kote buluu, buluu ya maji na buluu ya wino, mstari kwa mstari. Ni kama wanawake wa harusi zetu: nje abaya nyeusi, upindo ukipeperuka tu unajua huko ndani kuna mambo. Sauti sasa, Mungu hakumpa. Anakwaruza kama mtu anayekokota kiti kwenye marumaru. Na wakati wa kutafuta mke ndio hana haya kabisa. Dume anapanda juu mpaka anakuwa mdogo kama nzi, kisha anajiachia, anajibiringisha hewani huku anapiga makelele, mchana, mbele za watu. Marehemu mume wangu alimtizama siku moja akatikisa kichwa.

"Na mie nilikuja kukuposa na sahani ya halua tu," akasema.

"Na halua yenyewe ilikuwa imeshaliwa pembeni," nikamwambia.

Basi hao ndege walikuwa wetu, na sisi hatujui. Nyuma ya nyumba palikuwa na mtende uliokufa. Kichwa kilishaanguka zamani, limebaki gogo limesimama peke yake kama nguzo. Nilikuwa naliona baya, na nikahofia litaangukia tangi la maji. Nikasema likatwe. Mke wa mwanangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akanifuata jikoni.

"Mama, ngoja kidogo. Kuna ndege wanaingia na kutoka pale juu."

"Ndege ana mbawa. Atahama."

"Huu mwezi wa nne, Mama. Huenda wana mayai."

"Weye una mimba?"

"Sina, Mama."

"Basi mambo ya uzazi yaache."

Likakatwa. Gogo lilipopiga chini likapasuka, na mle ndani ya tundu mlikuwa na mayai manne meupe pe, ya duara kuliko ya kuku. Matatu yalikuwa uji. La nne lilikuwa na ufa, nikaliokota, bado lina moto wa mama yake. Wale wazazi wawili walikuwa ukutani wanatutizama. Siku tatu nzima walikuwa wakiruka mpaka pale hewani lilipokuwa tundu, wanapiga mbawa mahali pamoja kidogo, hawaoni pa kutua, wanarudi ukutani. Mie si mtu wa kulia. Lakini kahawa yangu ya alasiri, ambayo miaka yote nilikuwa nainywa pale nyuma, nikahamia kuinywa barazani mbele.

Nikaweka nia. Nilitaka jambo moja tu: ndege wa buluu wazae tena kwenye uwanja wangu, na makinda wao niwaone kwa macho yangu wanaruka. Bila ya hilo nilijua lile gogo litanisimamia kichwani mpaka naingia kaburini.

Mwaka wa kwanza niliwatundikia debe la samli. Nililitoboa tundu, nikalifunga ukutani, upande wa magharibi kwa sababu ndipo palipokuwa na msumari. Nyinyi mnacheka kwa sababu mnalijua jua la alasiri la Maskati. Mie nimekaa nalo zaidi ya nyinyi na sikulifikiria. Jike alikuja, akatia kichwa, akakitoa upesi, akageuka akanitizama. Wallahi sijapata kutizamwa vile na mtu yeyote, isipokuwa mama mkwe.

Mwanangu akasema, "Mama, umewajengea tanuri. Ungewatia na viungo."

"Na weye toa mkono, usitoe mdomo tu," nikamwambia.

Akautoa. Anafanya kazi kwenye ghala moja huko Rusayl, akaniletea mbao za pale wanazowekea mizigo. Alitaka kununua sanduku lililo tayari kwenye simu yake, limechorwa maua. Nikamuuliza kama ndege kaomba maua. Akakata yeye, nikasimamia mie, na kila msumari uliopinda niliung'oa akaupigilia upya. Kwa tundu nilichukua finjani ya kahawa, nikaifudikiza juu ya ubao, nikazungushia penseli, maana tundu la mtende lilikuwa kadiri ile ile. Ubavuni tukaweka kijilango chenye kikomeo, nipate kuchungulia na kusafisha. Chini nikamwaga mchanga mkavu na unga wa mbao. Safari hii likapandishwa juu ya ukuta wa nyuma, chini ya paa, linapopata jua la asubuhi kidogo kisha kivuli mpaka magharibi.

Waliokuja kwanza walikuwa maina, wale ndege wa kahawia wenye macho ya manjano na kelele za sokoni. Maina ni wa kuja, si wa hapa. Najua mtaniambia, Bibi, na sisi pia tulikuja. Sawa, lakini sisi tulipofika hatukumtoa mtu kitandani mwake. Maina anaingia sanduku la mwenziwe na kulijaza takataka mpaka mlangoni. Nimetoa humo mifuko ya plastiki, karatasi za bisikuti, mirija ya juisi, soksi ya mwanangu, na shungi zima la nywele za bandia za msichana wetu wa kazi.

Huyu msichana ni Mganda, Mkristo, ana nguvu na ana mdomo. Yeye mke wa mwanangu humwita Madamu, na mie ananiita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, kwa kile Kiarabu chao cha jikoni, nami nimezowea. Kila Jumamosi na kila Jumanne yeye alikuwa akishika ngazi, mie napanda.

"Mama Kabira, shuka, mimi nitapanda. Ukianguka wataniuliza mimi."

"Waambie nilisukumwa na ndege."

"Hawatakubali."

"Basi na weye ujirushe chini, tuwe wawili."

Maina wenyewe wakikaa juu ya tangi, wananitukana mie, mama yangu, na mama yake. Nikitoa takataka zao asubuhi, jioni wameshaleta nyengine. Lakini nilikuwa na sheria moja: nachungulia kwanza. Kama wameshataga, hata maina, nafunga kijilango nashuka. Nilishaapa sivunji tena yai la mtu. Bahati yao mbaya hawakuniwahi hata mara moja, maana mie naamka kabla ya alfajiri na wao hawana saa.

Vita vile vikachukua msimu mzima, na buluu hawakuja. Msimu uliofuata, mwezi wa tatu, nikasikia kile kiti kinakokotwa hewani. Dume alikuwa juu kabisa anajibiringisha kama kalewa. Siku ya tatu jike akatia kichwa kwenye tundu la finjani, akaingia kiwiliwili, akakaa humo. Nilikuwa na sufuria ya mchele mkononi nikasimama nayo mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Akatoka. Akarudi na dume, wakagombana juu ya paa kama wanaokagua nyumba ya kupanga. Wakahamia.

Wakataga mayai manne. Makinda wakatoka wote wanne, na nitasema kweli, sijapata kuona viumbe vibaya kama wale. Uchi, wekundu, tumbo mbele, macho yamefumba, kama wazee kwenye hamamu. Na uchafu! Mama yao hasafishi kitu. Kila wanachokitoa kinabaki humo humo pamoja na miguu ya panzi na mikia ya mijusi. Ukifungua kijilango wanakutapikia maji ya rangi ya chungwa yenye harufu sijui niifananishe na nini. Nimelea watoto sita, lakini kutapikiwa na wanne kwa mpigo mmoja nilikuwa bado. Hata hivyo nilikuwa nafungua mara moja kwa wiki, nahesabu vichwa vinne, nafunga, nakwenda kuoga.

Sasa hapo ndipo anapoingia wifi yangu. Ni dada wa marehemu mume wangu, anakaa Ghubra, kanizidi miaka michache na hajanisamehe kwamba mie ndiye niliyeolewa na kaka yake. Mwanamke huyu usafi wake wote umo kwenye moshi. Anafukiza nguo, anafukiza mito, anafukiza gari, na mara moja alimfukiza fundi aliyekuja kutengeneza friji, akatoka pale ananukia kama bwana harusi. Alisikia kwamba nna ndege waliozaa, akaja Alkhamisi moja alasiri na sahani ya visheti.

"Nyumbani kwako kuna mzazi na hukuniita," akasema.

"Mzazi mwenyewe hapokei wageni."

Tukakaa nyuma. Makinda walishapata kama wiki mbili, na upepo ulikuwa unatoka kwao unakuja kwetu. Akanusa. Akanusa tena.

"Wifi, nyumba yako inanuka."

"Si nyumba. Ni makinda."

"Makinda wa nini, wa maiti?"

Nikacheka, nikamwacha na kahawa yake, nikaingia ndani kusali alasiri. Niko kwenye sijida nikasikia harufu ya udi. Udi si kitu cha ajabu nyumbani kwetu, lakini ule ulikuwa unatoka nje, na ulikuwa mwingi. Mungu anisamehe, rakaa mbili za mwisho nilizikimbiza.

Natoka namkuta wifi yangu kapanda ngazi vipandio vitatu, mkono mmoja kashika ukuta, wa pili kakinyanyua chetezo changu cha fedha mpaka chini ya tundu, makaa mekundu, moshi unaingia wote ndani na unatokea kwenye nyufa za mbao. Sanduku zima linafuka kama jiko la mkaa. Na yeye anasoma kuli audhu, zile sura za kinga, kwa sauti. Msichana kashika ngazi, uso umemharibika.

"Mama, tafadhali, hawa watakufa," anamwambia. "Kule kwetu tukitaka kutoa nyuki kwenye mzinga tunaweka moshi hivi hivi."

"Huu udi wa Kambodia, si majani ya kijijini kwenu. Shika ngazi."

"Shuka!" nikapiga ukelele. "Shuka kabla sijakushusha!"

Akageuka, hata khofu hana. "Wifi, nnamfukiza mzazi. Nyumba gani ya Kiislamu ina wachanga wanne na haijafukizwa? Ndio maana wananuka. Na husuda je? Majirani wote wanawaona."

Mkumbuke kwamba hakufanya kwa ubaya. Nyinyi nyote mlipozaliwa, nguo zenu zilifukizwa, shuka zilifukizwa, mama zenu walifukizwa, na wengi wenu moshi ule ule wa wifi yangu. Alifanya anavyojua. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kuyafikiri hayo. Nilimvuta kwa upindo wa abaya, nikapanda mie, nikafungua kijilango. Moshi ukanipiga usoni. Ulipopungua nikaona watatu wameachama midomo, wanavuta pumzi kwa tabu, hata kunitapikia hawawezi. Wa nne, yule mdogo aliyekuwa chini ya wenziwe siku zote, alikuwa kalala ubavu. Nikamtoa. Alikunja ukucha kwenye kidole changu mara moja, kisha akalegea.

Nikampa msichana amfunge kwenye kitambaa. Nikawapepea watatu kwa ncha ya kanga mpaka mkono ukafa ganzi, na moshi ulipokwisha nikafunga, nikashuka. Wifi yangu alikuwa kakaa juu ya kreti la soda, chetezo kakipakata na makaa yameshaangukia viatu vyake, analia.

"Nimeua," anasema. "Nimeua mtoto wa ndege."

"Umeua mmoja," nikamwambia. "Nyamaza tuone kama umeua wanne."

Maana sasa shida ilikuwa kule juu. Mama yao alikuwa kwenye waya, mdomoni kabana mjusi ambaye mkia bado unacheza. Haji. Baba kakaa kwenye tangi anakwaruza. Haji. Makinda walianza kulia kwa ile sauti yao ya kuomba, kisha sauti ikawa ndogo. Nilijua wazazi wakikataa kuliingia lile sanduku, basi yamekwisha. Kinda wa ndege yule mie siwezi kumlisha mijusi hai kila dakika kumi, na jua bado lilikuwa kali.

Mwanangu akafika kutoka kazini, akaja na simu juu anapiga picha. Mke wake akatoka. Kila mmoja ana lake.

"Mama, niagize chakula cha ndege? Kinaletwa saa hii hii."

"Mimi nitafute panzi, Mama Kabira?"

"Wifi, niwakatie nyama ya mbuzi, laini?"

"Nyamazeni!" nikasema, na mie mwenyewe nikawa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Jike akajirusha kutoka kwenye waya, akaja mpaka nusu ya uwanja, akapinda, akarudi. Mjusi bado mdomoni. Akaja mara ya pili, akapinda pale pale. Mie nikasema ni harufu ya udi, tulioshe sanduku. Mwanangu akasema tulihamishe.

Mke wa mwanangu akasema polepole, "Mama, si udi. Anatuogopa sisi. Tuko watu watano chini ya mlango wake."

Nikatizama. Kweli tulikuwa watano. Tumesimama duara chini ya sanduku, vichwa juu, vinywa wazi, na ngazi imeegemea ukutani, na kreti, na simu, na mwanamke mzima analia. Hata mie ningekuwa ndege nisingekuja.

"Amesema kweli," nikasema. "Ingieni ndani. Wote. Ngazi ilazwe chini."

Tukaingia jikoni, tukashusha pazia, tukabakisha upenyo wa kidole. Tukasimama tumebanana, wifi yangu kaniegemea begani ananukia kama duka zima la manukato. Jike alikaa. Alikaa mpaka nikaanza kuuhesabu mchezo wa ule mkia wa mjusi. Kisha akashuka moja kwa moja, bila ya kupinda, akajibandika tunduni, akatia kichwa. Alipokitoa mdomo ulikuwa mtupu. Msichana akanibana mkono mpaka nikaumia. Baba naye akaja, na kitu cheusi chenye miguu mingi. Kisha mama tena.

"Alhamdulillah," wifi yangu akasema, akataka kupiga kigelegele, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Yule mdogo tulimzika kando ya ukuta, chini ya jasmini, na wifi yangu alimsomea Fatiha, sikumzuia. Watatu waliobaki waliruka wiki mbili na siku kidogo baadaye, asubuhi moja baada ya chai, mmoja mmoja, na wa mwisho alining'inia tunduni nusu saa kama mtoto asiyetaka kwenda skuli. Niliwaona kwa upenyo wa pazia. Macho yangu yalikuwa na maji, na mkiulizwa semeni nilikuwa nakata vitunguu.

Lakini waliruka kwa sababu ya amri niliyoitoa Alkhamisi ile jikoni, mkono wangu ungali mdomoni kwa wifi yangu:

"Nisikilizeni. Kuanzia saa hii uwanja wa nyuma hauna mtu mpaka kinda wa mwisho karuka. Nguo mtaanika darini. Gari zitalala njiani. Hakuna simu ya kupiga picha itakayotoka mlango huu. Weye wifi utafukiza sebuleni, madirisha yamefungwa, na ukisikia harufu ziba pua. Na mie mkiniona huko nje na ngazi, nikamateni mkono mnirudishe ndani."